Lori Tupu Katika Upepo Mkali: Uamuzi wa Kusimama ni wa Nani?

Kiini cha mkanganyiko

Katika uchukuzi wa mizigo, sehemu kubwa ya sheria, vifaa na mafunzo ya usalama imeelekezwa kwa lori lililobeba kupita kiasi, kwa kuwa uzito uliozidi huharibu barabara, huchosha breki na huongeza maafa kwenye miteremko. Kwa sababu hiyo lori tupu, au lile lililobeba mzigo mwepesi unaojaza nafasi kama vile magodoro, karatasi za chooni au chupa tupu za plastiki, huhesabiwa na wengi kuwa ni lori lisilo na shaka. Dhana hiyo ina ukweli wake siku ambayo hewa imetulia, lakini upepo mkali unapovuma kutoka ubavuni mambo hubadilika, kwa sababu uzito ule ule ambao mizani huuona kuwa adui wa lami ndio unaolishikilia lori lisipinduke.

Mkanganyiko hudhihirika pale mamlaka zinapotoa tangazo la upepo. Dereva anayesoma kwenye ubao wa barabarani kwamba njia imefungwa kwa magari mepesi yenye ubavu mrefu hubaki na maswali ambayo mara nyingi hakuna wa kumjibu papo hapo: gari jepesi ni la tani ngapi, tahadhari iliyotangazwa ni ushauri au ni amri, na akisimama, ni nani atakayelipia saa alizosubiri? Mwenye lori naye huuliza kama dereva aliyesimama alikuwa na sababu au alitafuta mapumziko, na mwenye mzigo huuliza kwa nini gari la kampuni nyingine limefika na lake halijafika.

Makala haya yanachambua suala hilo kwa kutumia hasa mfano wa barabara kuu ya I-80 katika jimbo la Wyoming nchini Marekani, ambako tatizo la malori mepesi na upepo limeshughulikiwa kwa miaka mingi, kisha yanaangalia funzo lililomo kwa njia za mizigo za Afrika Mashariki. Mfano huo hauko mbali na wasomaji wa Kiswahili, kwa kuwa Waafrika Mashariki wengi waliohamia Marekani na Kanada wanajipatia riziki kwa kuendesha malori, na I-80 ni mojawapo ya njia kuu zinazounganisha pwani mbili za Marekani.

Jinsi upepo unavyolipindua lori

Nguvu ya upepo juu ya ukuta wowote haiongezeki sambamba na kasi yake bali huongezeka kwa mraba wa kasi hiyo, maana yake ni kwamba kasi ikizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne. Katika usawa wa bahari, upepo wa kilomita 72 kwa saa huleta msukumo wa takriban kilo 25 kwa kila mita moja ya mraba, na upepo wa kilomita 108 kwa saa hufikisha takriban kilo 55. Trela la kawaida la boksi linalotumika Marekani lina urefu wa futi 53, yaani mita 16 na kidogo, na ubavu wake una eneo la takriban mita za mraba 46, hivyo upepo wa kilomita 108 kwa saa ukiupiga ubavu huo moja kwa moja huusukuma kwa nguvu inayokaribia tani 2 na nusu. Kwenye nyanda za juu za Wyoming hewa ni nyepesi zaidi na msukumo hupungua kwa kama moja ya tano, lakini hata hapo tani 2 hubaki.

Kinachopindua si nguvu peke yake bali ni nguvu hiyo ikizidishwa kwa kimo inapofanyia kazi, jambo ambalo katika fizikia huitwa momenti. Katikati ya ubavu wa trela iko mita 2 na nusu hivi kutoka ardhini, hivyo tani 2 za upepo huleta momenti ya kupindua ya takriban tani-mita 5. Kinachopinga ni uzito wa trela ukizidishwa kwa umbali kutoka mstari wa katikati hadi tairi za nje, ambao ni mita moja na kidogo. Trela tupu lenye uzito wa tani 6 na nusu lina ukinzani wa tani-mita 6 na nusu au 7, na tofauti ndogo iliyobaki huweza kuliwa na kona, na mteremko wa upande wa barabara, au na springi zinazolegea na kuliegemeza boksi upande mmoja. Trela hilo hilo likibeba tani 20 za mzigo uliopangwa chini lina ukinzani unaokaribia mara nne ya huo, na upepo ule ule hauwezi kulipindua peke yake. Hesabu hizi ni za makadirio, kwani kichwa cha lori nacho huchangia kulishikilia trela upande wa mbele, ila zinatosha kuonyesha kwamba jambo la kuamua ni uwiano wa uzito na ubavu, na ukubwa wa gari pekee hautoshi kulieleza.

Kupinduka si madhara pekee. Lori jepesi hukandamiza tairi zake ardhini kwa nguvu ndogo, na kwa sababu hiyo kwenye lami yenye maji au barafu trela huweza kuteleza pembeni na kulisukuma kichwa hadi viwili hivyo vikunjane mithili ya kisu cha kukunja. Aidha, upepo mara nyingi huja kwa mikupuo, yaani huongezeka ghafla kwa sekunde chache kisha hukatika. Dereva anayekata usukani kuelekea upepo ili abaki kwenye njia yake hujikuta ameukata kupita kiasi mara tu lori linapoingia nyuma ya kilima, chini ya daraja la juu, au kando ya lori jingine linalolikinga, na lori huyumba kuelekea upande aliokuwa ameukatia usukani.

Kupunguza mwendo husaidia, ila msaada wake una mpaka. Lori linalokwenda kilomita 100 kwa saa katika upepo wa ubavuni wa kilomita 80 kwa saa hukutana na mkondo wa hewa wa takriban kilomita 128 kwa saa unaokuja kimshazari, na mkondo huo hupungua dereva anapopunguza mwendo, naye hupata muda mrefu zaidi wa kurekebisha usukani. Hata hivyo, ule upepo wa kilomita 80 kutoka ubavuni hauondoki hata lori likisimama kabisa. Ndiyo maana lori tupu lililoegeshwa ubavu ukitazama upepo bado liko hatarini, na uegeshaji ulio salama ni ule wa kuelekeza pua ya lori kwenye upepo, au wa kujikinga nyuma ya jengo au kilima.

Barabara ya I-80 na upepo wake

Kusini mwa Wyoming, milima ya Rocky ina mwanya mpana ambao hewa hupenya kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi tofauti ya shinikizo la hewa kati ya pande mbili za milima huongeza kasi ya upepo huo kwa siku nyingi mfululizo. Kipande cha I-80 kati ya miji ya Laramie na Rawlins, chenye urefu wa takriban kilomita 160, kina sehemu ndefu iliyofunguliwa mwaka 1970 ikipita karibu na Elk Mountain na kijiji cha Arlington, wakati barabara ya zamani ilizunguka kaskazini kupitia Medicine Bow. Njia mpya ni fupi zaidi, ila ilipelekwa mahali ambapo upepo na theluji ya kupeperushwa ni vikali zaidi, na gharama ya uamuzi huo wa wajenzi imekuwa ikilipwa na madereva tangu hapo.

Idara ya Uchukuzi ya Wyoming imejibu tatizo hilo kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni tahadhari ya upepo mkali, ambayo humwachia dereva uamuzi. Ya pili ni tahadhari ya hatari kubwa ya kupinduka, ambayo hushauri magari mepesi yenye ubavu mrefu yasipite. Na ya tatu ni kuifunga barabara kwa magari hayo huku mengine yakiendelea kupita. Kuanzia mwaka 2009 eneo la Elk Mountain liliwekewa pia vibao vya mwendo vinavyobadilishwa kulingana na hali ya hewa ya saa hiyo.

Hata hivyo amri haizuii kila gari. Mwezi Februari 2017, wakati kipande hicho kimefungwa kwa magari mepesi yenye ubavu mrefu, lori moja lililopita hata hivyo lilipinduliwa na upepo na kuliangukia gari la polisi wa barabara kuu lililokuwa limesimama kando. Kamera ya gari jingine la polisi ilionyesha trela likiinuka upande mmoja taratibu, likibaki kwa muda limesimama juu ya tairi za upande wa pili, kisha likilalia gari lile, ambalo kwa bahati halikuwa na mtu ndani. Picha hizo zinafundisha jambo ambalo takwimu haziwezi kulieleza vizuri, kwamba lori linapoanza kuinuka dereva hana tena la kufanya, na kwamba uamuzi uliokuwa na maana ulikuwa ule wa kabla ya kuingia kwenye kipande hicho.

Sheria inasema nini, na inanyamazia nini

Kanuni za serikali kuu ya Marekani za usalama wa magari ya biashara, katika kifungu 392.14, zinamtaka dereva achukue tahadhari ya hali ya juu na apunguze mwendo pale ambapo hali ya hatari inaathiri uwezo wa kuona au mshiko wa tairi, na zinaamuru safari isitishwe hali ikizidi kuwa ya hatari, hadi gari litakapoweza kuendeshwa kwa usalama. Kifungu hicho kinataja mifano ya theluji, barafu, ukungu, mvua, vumbi na moshi, lakini upepo hakiutaji. Mifano hiyo haikukusudiwa kuwa orodha kamili, na wengi huitafsiri kanuni hiyo kuwa inahusu upepo pia. Bado, upepo mkavu wa mchana wenye jua hauzuii macho kuona wala haulowanishi lami, na hapo ndipo mabishano kati ya dereva na msimamizi wake hupata nafasi.

Pengo hilo limezibwa kwa sehemu na sheria nyingine mbili. Ya kwanza, ya mwaka 1982, inamlinda dereva anayekataa kuendesha pale ambapo kuendesha kungevunja kanuni ya usalama, na inampa siku 180 za kulalamika akiadhibiwa kwa kukataa huko. Ya pili, iliyoanza kutumika mwaka 2016, inakataza shuruti, yaani vitisho vya msafirishaji, mwenye mzigo au dalali wa mizigo vya kumnyima dereva kazi au malipo ili avunje kanuni, na malalamiko yake hupelekwa ndani ya siku 90. Zote mbili zinategemea dereva aweze kuonyesha ni kanuni gani ingevunjwa, na hivyo ukimya wa kifungu 392.14 kuhusu upepo unamrudia yeye.

Barabara inapofungwa rasmi, utata huisha. Katika Wyoming, kupita kwenye barabara iliyofungwa ni kosa linaloweza kuleta faini ya hadi dola 750 au kifungo cha hadi siku 30, au vyote viwili. Uskoti ilitoa mfano mkali zaidi mwezi Januari 2017, pale dereva mmoja alipoingia na lori lake kwenye daraja la Forth Road Bridge wakati limefungwa kwa magari yenye ubavu mrefu. Lori lilipinduka, daraja likafungwa kwa takriban saa 19, na mahakama ikamhukumu dereva huyo kifungo cha miezi tisa.

Msimamo wa kwanza: dereva aachiwe uamuzi

Wanaoshikilia msimamo huu wanasema kwamba dereva ndiye anayelisikia trela likiyumba, anayejua tairi zake zikoje na mzigo umepangwaje, na anayeona majani na vumbi vikielekea wapi mbele yake. Nguvu ya hoja hii ni kwamba upepo hubadilika katika umbali mfupi sana, kiasi kwamba kituo cha kupimia kilichoko kilomita 20 nyuma huweza kuonyesha utulivu wakati kwenye mwanya wa mlima mikupuo inatisha. Dereva mzoefu anayefahamu njia hupunguza mwendo kabla ya daraja, huacha nafasi kubwa na lori la jirani, hushika usukani kwa mikono miwili bila kuukaza, na hujua mapema ni wapi atajihifadhi.

Udhaifu wake uko kwenye malipo. Madereva wengi wa masafa marefu Marekani hulipwa kwa maili waliyotembea, na kwa hiyo saa ya kusubiri upepo utulie ni saa ambayo wengi wao hawalipwi. Mtu anayeambiwa aamue kwa hiari kati ya usalama wake na karo ya watoto wake hajapewa hiari iliyo kamili. Isitoshe, uzoefu wenyewe huweza kudanganya, kwa kuwa dereva aliyepita mara nyingi akiwa na mzigo mzito huwa amejifunza tabia ya lori ambalo leo hana, na dalili za onyo anazozitegemea huja kwa kuchelewa sana lori likiwa tupu.

Msimamo wa pili: mamlaka zifunge barabara

Msimamo wa pili unataka uamuzi utolewe mikononi mwa dereva na kampuni na kuwekwa kwa mamlaka ya barabara, ambayo haina faida ya kupata mzigo ukifika wala hasara ya kupata usipofika. Nguvu yake ni usawa: amri ikitolewa, washindani wote husimama pamoja, na hakuna kampuni inayopoteza mteja kwa sababu ya kuwa na uangalifu. Amri humpa dereva pia kauli fupi isiyobishiwa na msimamizi, kwamba barabara imefungwa.

Udhaifu wake ni wa aina tatu. Kwanza, barabara ikifungwa mapema au mara kwa mara kuliko inavyohitajika, madereva huacha kuiamini, na siku ya hatari halisi hupita kama walivyozoea. Pili, amri isiyotaja kiwango cha uzito humrudishia dereva swali lile lile la kwanza, na askari naye hana kipimo cha kumkamatia. Tatu, malori yaliyozuiwa lazima yapate mahali pa kukaa. Miji midogo kama Rawlins na Laramie hujaa haraka, na malori yanayosimama kando ya barabara kwa kukosa maegesho huwa hatari mpya kwa wengine, nayo yenyewe hubaki ubavu ukitazama upepo.

Msimamo wa tatu: kampuni iweke kiwango

Msimamo wa tatu unaielekeza kampuni ya uchukuzi iandike jedwali linalooanisha uzito wa gari na kasi ya mikupuo iliyotabiriwa, ili lori lililo tupu lisimame kwenye upepo mdogo kuliko lile lenye mzigo wa kati, na lenye mzigo kamili liendelee kwa tahadhari hadi kiwango cha juu zaidi. Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba unatumia taarifa mbili ambazo kampuni inazo kabla ya safari kuanza: uzito ulioandikwa kwenye nyaraka za mzigo na utabiri wa hali ya hewa. Idara ya hali ya hewa ya Marekani, kwa mfano, kwa kawaida hutoa onyo la upepo mkali pale upepo wa kudumu unapotarajiwa kufikia kilomita 64 kwa saa kwa saa moja au zaidi, au mikupuo kufikia kilomita 93 kwa saa, na onyo hilo mara nyingi hutoka saa nyingi kabla. Muda huo unatosha kubadilisha njia, kuchelewesha safari, au kuliunganisha trela tupu na safari nyingine yenye mzigo.

Ugumu ni kwamba jedwali lililoandikwa na upande mmoja huweza kuandikwa kwa maslahi ya upande huo. Kampuni huweza kuweka kiwango cha juu mno, au kukiweka vizuri kisha msimamizi akakipuuza kwa simu moja ya usiku. Aidha, sehemu kubwa ya uchukuzi iko mikononi mwa wamiliki wadogo wenye lori moja au mawili, ambao hawana msimamizi wala mtaalamu wa kuandika jedwali, na wanaodaiwa marejesho ya mkopo wa gari kila mwezi.

Msimamo wa nne: dawa ya uhandisi

Wengine wanaona kwamba tabia za watu ni ngumu kubadilika na kwamba fedha zielekezwe kwenye kuta za kuzuia upepo, vipimo vya upepo barabarani, na ubunifu wa matrela. Daraja la Queensferry Crossing, lililofunguliwa mwaka 2017 kando ya lile la Forth Road Bridge, lilijengwa likiwa na vizuizi vya upepo pembeni, na malori sasa hupita huko katika upepo ambao zamani ungeyazuia. Dawa hii inafaa sana kwa daraja, ambalo ni mahali pafupi panapojulikana, lakini kuizungushia kuta barabara ya kilomita 160 ni gharama nyingine kabisa, na ukuta wenyewe una mwisho ambapo upepo hulipokea lori kwa ghafla.

Kwenye gari lenyewe zipo hatua zenye manufaa. Mzigo mwepesi ukipangwa chini na kusambazwa sawa badala ya kurundikwa hadi juu, lori huwa thabiti zaidi. Trela tupu la pazia, yaani lenye kuta za turubai badala ya bati, huweza kufunguliwa pazia zote mbili na kufungwa kwa nguvu kwenye ncha ili upepo upite katikati. Kinyume chake, desturi ya baadhi ya madereva ya kufungua milango ya nyuma ya trela la boksi haipunguzi ubavu hata kwa mita moja, na huongeza hatari ya milango kung'oka. Kuongeza uzito wa bandia, kwa mfano mifuko ya mchanga, kunawezekana kinadharia, lakini hula mafuta na huhitaji kufungwa imara ili usihame.

Kuipima misimamo hiyo

Misimamo hii minne hugongana zaidi pale kila mmoja unapotakiwa kufanya kazi peke yake. Ikitazamwa kwa mpangilio wa wakati, huonekana kwamba kila mmoja una saa yake. Kampuni ndiyo yenye taarifa siku moja au nusu siku kabla, na hapo ndipo kusimama kunagharimu kidogo kuliko wakati mwingine wowote. Mamlaka ya barabara ndiyo yenye picha kamili saa ile upepo unapovuka kiwango, na amri yake hulinda hata wale ambao mabosi wao hawana jedwali. Dereva ndiye mwenye neno la mwisho barabarani, pale utabiri unapokosea au kipimo kinapokuwa mbali. Uhandisi nao hupunguza idadi ya siku ambazo maamuzi hayo yatahitajika.

Kasoro kuu ya utaratibu uliopo ni kwamba uzito wa lawama umewekwa kwa yule anayeamua mwishoni, mwenye muda mfupi na malipo madogo kuliko wote. Kesi ya Uskoti ilimfunga dereva, na kwa haki, kwa kuwa aliona amri akaivunja. Lakini sheria inayomwadhibu dereva aliyepita inapaswa pia kumuuliza aliyempanga safari hiyo, na kumlinda dereva aliyesimama kabla ya amri kutoka. Bila malipo ya saa za kusubiri, haki ya kukataa hubaki kwenye karatasi. Malipo hayo ni gharama halisi, na mwenye mzigo ataichangia kupitia nauli. Ila gharama ya lori moja kulala na kufunga barabara kuu kwa saa kadhaa hulipwa na watu wengi zaidi, wakiwemo wasiohusika kabisa na mzigo huo.

Funzo kwa njia za mizigo za Afrika Mashariki

Hali ya Afrika Mashariki inatofautiana na ya Wyoming kwa jambo moja la msingi: upepo wa kasi ya kilomita 108 kwa saa si wa kawaida kwenye njia zake kuu, na mara nyingi upepo wake huchangia ajali pamoja na mwendo, kona, mabega membamba ya barabara na uchovu, badala ya kulipindua lori peke yake. Jambo linalofanana ni wingi wa malori matupu. Bandari za Dar es Salaam na Mombasa hupokea shehena nyingi za kwenda bara kuliko zile zinazotoka bara, na kwa sababu hiyo malori mengi yanayorudi kutoka Rwanda, Burundi, Uganda na mashariki mwa Kongo huwa tupu, au huwa na kontena tupu linalorudishwa bandarini.

Njia hizo hupita katika maeneo ambayo wawekezaji wa umeme wa upepo wameyatamani kwa sababu hiyo hiyo ya upepo: nyanda za Singida na Makambako nchini Tanzania, na Kajiado nchini Kenya. Kaskazini mwa Kenya, karibu na Ziwa Turkana, ambako mitambo 365 ya umeme wa upepo imesimamishwa, upepo hupita kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na huvuma kwa nguvu sehemu kubwa ya mwaka. Mahali panapoweza kuzungusha mitambo ya aina hiyo panaweza pia kuliyumbisha trela tupu.

Kontena la futi 40 lina ubavu wa takriban mita za mraba 31, na likiwa tupu uzito wake haufiki tani 4 au huzidi kidogo tu. Upepo wa kilomita 72 kwa saa hulisukuma kwa takriban kilo 800, kiasi ambacho hakilipindui lakini kinatosha kuliondoa lori kwenye njia yake, hasa linapopishana na basi. Hapa ndipo zile kufuli nne za pembeni zinazolishika kontena kwenye trela, ambazo madereva huziita loki, zinapokuwa na maana kubwa kuliko ukubwa wake. Zikiwa zimefungwa, uzito wa trela na wa kontena hupinga upepo kwa pamoja. Zikiachwa wazi kwa kuwa kontena ni tupu na dereva ana haraka, kontena hubaki na uzito wake tu wa kulishikilia, nalo huweza kuhama au kuanguka wakati trela bado limesimama.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari imeweka kikomo cha juu cha tani 56 kwa lori na mzigo wake, na mizani za barabarani zimeenea kwa ajili ya kukisimamia. Lori tupu hupita mizani bila swali, na sheria za usalama barabarani hubaki na makosa ya jumla ya uendeshaji wa hatari na wa uzembe, ambayo hutumika baada ya ajali. Mizani hizo hizo zingeweza kutumika kwa faida nyingine, kwa kuwa ndipo mahali pekee ambapo uzito halisi wa lori hujulikana likiwa safarini. Mtumishi anayeona kwamba lori ni tupu na lina kontena anaweza kukagua loki nne kwa muda wa dakika moja, na kumpa dereva taarifa ya upepo wa mbele iliyotolewa na mamlaka ya hali ya hewa.

Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba hatari ya lori jepesi hutokana na uwiano wa uzito na ubavu, kwamba nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi yake, na kwamba kupunguza mwendo hupunguza hatari bila kuiondoa. Umeonyesha pia kwamba kila mmoja wa misimamo minne una ukweli wake: dereva ana macho, mamlaka ina amri, kampuni ina muda, na uhandisi una uwezo wa kudumu. Utaratibu unaofaa ni ule unaoanza na jedwali la uzito na upepo lililoandikwa kabla ya safari, unaotegemezwa na amri ya barabara inayotaja tani kwa tarakimu, na unaomhakikishia dereva malipo anaposimama kwa sababu iliyoandikwa. Watunga kanuni wa Marekani wanapaswa kuutaja upepo kwa jina katika kifungu 392.14, na wale wa Afrika Mashariki wanapaswa kuiongezea mizani kazi ya kukagua loki za kontena tupu. Wamiliki wa malori, kwa upande wao, hawana sababu ya kusubiri sheria: jedwali la kurasa mbili na ahadi ya kulipa saa za kusubiri ni mambo yanayoweza kuanza wiki hii.